Karani Asiye Muhimu

Aprili 2020 nilimsindikiza dada yangu hadi mlango wa ofisi moja ya serikali hapa Mombasa. Mumewe alikuwa amefariki Januari, na kwenye cheti cha kifo karani alikuwa ameruka herufi moja ya jina. Benki haikutaka kusikia. Jina la cheti na jina la akaunti sharti yafanane herufi kwa herufi, la sivyo pesa za marehemu zibaki zilipo. Mlangoni palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, kona moja ikipigapiga kwa upepo wa bahari: ofisi imefungwa kwa sababu ya korona hadi tangazo jingine, isipokuwa kwa huduma muhimu. Bawabu, mtu mzima mwenye barakoa iliyoteremshwa kidevuni, alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akamwambia dada, "Pole sana, mwanangu. Lakini muhimu ni aliyekufa leo. Wenu alikufa zamani."

Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Nilikuja kugundua baadaye kwamba mzee yule, akiwa ameegemea lango, alikuwa ametoa kwa sentensi mbili tafsiri ya sheria ambayo wanasheria wa Washington waliipigania kwa miaka.

Twende Washington basi, maana huko ndiko serikali hufungwa na kufunguliwa kama duka la rejareja. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025 Serikali ya Marekani ilifungwa kwa siku 43, muda mrefu kuliko wakati wowote kabla ya mwaka huo. Rekodi ya kabla ya hapo ilikuwa siku 35, kutoka 22 Desemba 2018 hadi 25 Januari 2019. Hapakuwa na vita wala tauni. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza Oktoba mosi, na Bunge lisipopitisha fedha, ofisi hazina ruhusa ya kutumia hata senti. Watumishi hugawanywa mafungu mawili. Wa fungu la kwanza huambiwa wabaki kazini. Wa fungu la pili huambiwa wafunge kompyuta, wamwagilie maua ya dirishani kwa mara ya mwisho, waende nyumbani. Hawa ndio wanaoitwa wasio muhimu.

Kila mara hilo linapotokea, swali moja huibuka, redioni, barazani, kwenye foleni ya kinyozi, na si Marekani peke yake: kama hawa si muhimu, mbona tunawalipa siku nyingine zote? Ni swali zuri. Nimewahi kuliuliza mwenyewe, tena kwa kebehi, nikitazama makarani wanaochezea simu dirishani huku watu thelathini wamepanga mstari. Ila swali hili limejengwa juu ya neno lililobeba mzigo usio wake.

Neno lenyewe lina historia. Katika karne ya 19 idara za Marekani zilikuwa na mchezo wao. Zilikuwa zikipewa fungu la mwaka mzima, zinalimaliza mapema, kisha zinalirudia Bunge zikiwa zimeshaingia mikataba. Wabunge wangefanya nini? Deni ni deni, na heshima ya serikali iko hatarini, kwa hiyo walilipa huku wakisaga meno. Mwaka 1884 wakatunga sheria ya kuwafunga mikono: asiwepo ofisa wa kuliingiza taifa katika gharama ambayo Bunge halijaitolea fedha, na asiwepo mtumishi wa kufanya kazi ya bure, isipokuwa kwa dharura. Walikataza kazi ya bure kwa sababu waliijua hila yake. Leo mtu anajitolea, kesho anadai malimbikizo. Adhabu ya kuvunja sheria hiyo yaweza kufika kifungo cha miaka miwili jela, ingawa hakuna aliyewahi kufungwa.

Kwa karibu miaka mia moja sheria ile ilikaa kabatini. Bunge lilipochelewa, idara zilipunguza safari na kuahirisha ajira, zikaendelea na kazi zikijua fedha zitakuja. Ndipo tarehe 25 Aprili 1980 Benjamin Civiletti, Mwanasheria Mkuu wa Rais Jimmy Carter, akaandika waraka wa kusema kwamba sheria ni sheria: hakuna fedha, hakuna kazi. Siku sita baadaye, Mei mosi, Tume ya Shirikisho ya Biashara ikafungwa kwa siku moja, watumishi wapatao 1,600 wakarudi majumbani. Januari 1981 Civiletti akaandika tena, safari hii akieleza nani anaruhusiwa kubaki. Kipimo chake kilikuwa usalama wa maisha ya binadamu na ulinzi wa mali. Mwaka 1990 Bunge likakaza fundo zaidi: dharura haijumuishi shughuli za kawaida za serikali ambazo kusimama kwake hakutishii maisha au mali hapo hapo.

Hapo hapo. Ndivyo alivyosema bawabu wetu. Muhimu ni aliyekufa leo.

Kwa hiyo sheria haikuwahi kuuliza ni ofisi ipi ina thamani. Iliuliza jambo dogo zaidi na la ajabu zaidi: ni nani tunaweza kumruhusu afanye kazi bila mshahara? Jibu likishapatikana, ndiye muhimu. Mwongoza ndege anakaa mbele ya skrini yake wiki ya tano bila kulipwa kwa kuwa yeye ni muhimu, huku jirani yake asiye muhimu akiwa nyumbani anapaka rangi ukuta wa jikoni, na mwisho wa yote wanalipwa sawasawa. Sheria iliyotiwa saini Januari 2019 inawahakikishia wote malipo yao serikali ikifunguliwa. Hata wanasheria wa huko waliona aibu ya neno lenyewe. Siku hizi kwenye nyaraka rasmi husema mtumishi "aliyetolewa kwenye katazo" na "asiyetolewa kwenye katazo". Lakini watu wa mtaani, na wanasiasa ambao kazi yao ni kuzungumza kama watu wa mtaani, wamebaki na muhimu na asiye muhimu.

Sasa tazama ni nani hasa huangukia fungu la pili. Oktoba 2013 serikali ilipofungwa kwa siku 16, miongoni mwa watafiti watano wa serikali waliokuwa na Tuzo ya Nobel, wanne walirudishwa nyumbani. Shirika la anga, NASA, lilirudisha asilimia 97 ya watu wake. Na idara ya kodi, mkono unaoiletea serikali sehemu kubwa ya mapato yake, ilirudisha takriban tisa kati ya kila kumi. Tafakari hapo kidogo. Nyumba imeishiwa unga, na baba anaamua kwamba wa kwanza kukatazwa kutoka ni yule anayekwenda kibaruani. Kipimo cha Civiletti hakikukosea kitu: hakuna anayekufa kwa sababu mkaguzi wa kodi amelala hadi saa nne. Ila Januari 2019, msimu wa kurejesha kodi ulipokaribia na wananchi wakaanza kuulizia pesa zao, idara hiyo hiyo iliwaita kazini zaidi ya watu 46,000, bila malipo. Walikuwa wamelala wasio muhimu, wakaamka muhimu, na katika kazi yao hakikuwa kimebadilika kitu isipokuwa tarehe kwenye kalenda.

Nina mfano mwingine ninaoupenda kuliko yote, labda kwa sababu nimezaliwa karibu na bahari. Msimu wa kuvua kaa wakubwa wekundu wa Bristol Bay, Alaska, hufunguliwa tarehe 15 Oktoba. Mwaka 2013 manahodha walikuwa tayari, mafuta yamejazwa, chambo kimegandishwa, mabaharia wamekusanyika bandarini. Walinzi wa pwani walikuwapo kazini, kwa sababu baharini watu hufa, na kuokoa watu ni muhimu. Aliyekosekana ni karani. Kila meli huvua kwa mgawo wake, na mgawo huo hutolewa kwa kibali cha ofisi ya uvuvi ya serikali, na wenye kukiandika walikuwa nyumbani. Basi mabaharia wakakaa, na kaa nao wakakaa. Serikali ilipofunguliwa tarehe 17, vibali vikatoka na meli zikang'oa nanga. Siku zilizopotea zilikuwa chache, lakini gharama za kila chombo zilikuwa zimeendelea kuhesabiwa gatini, na soko la sikukuu za mwisho wa mwaka halimngoji mtu. Hakufa mtu. Kwa sheria ya 1884, basi, hakikuharibika kitu.

Ukiifuata njia hii utaona jambo ambalo kelele za siku za kufungwa hulifunika. Kazi nyingi za serikali ni za msimu, kama za shamba, wala hazihesabiwi kwa saa. Wakati wa kufungwa kwa 2018 na 2019, watabiri wa hali ya hewa walibaki kazini bila mshahara, maana kimbunga hakiulizi bajeti. Lakini waliokuwa wakiiboresha programu kubwa ya kompyuta ambayo utabiri wenyewe hutegemea, wao walirudishwa, na kazi ya kuingiza toleo jipya ikachelewa. Mafunzo ambayo maofisa wa majimbo hupewa kujiandaa na vimbunga yakafutwa. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni mosi. Kwa hesabu ya Januari, Juni iko mbali. Anayetazama wingu ni muhimu. Anayetengeneza darubini si muhimu. Vivyo hivyo ndege ndogo ikianguka: wa kuokoa majeruhi atafika, lakini wachunguzi wa ajali, ambao wangesema kilichoiangusha ili ya pili isianguke, wengi wao walikuwa wamekatazwa kwenda.

Kuna pia suala la mfuko, ambalo ni la kuchekesha kidogo. Mwaka 1995, ofisi za viza za Marekani ziliposimama, maombi kati ya 20,000 na 30,000 ya wageni yalikuwa yakikwama kila siku. Siku hizi, serikali ikifungwa, viza huendelea kutolewa kwa kiasi kikubwa. Je, viza imekuwa muhimu zaidi? La. Ofisi zake sasa zinaendeshwa kwa ada tunazolipa sisi waombaji, hata tukinyimwa. Zina kibubu chao. Kijana wa Kisauni, hapa Mombasa, anayehojiwa kwenye ubalozi kule Nairobi katikati ya ukame wa fedha wa Washington anahudumiwa kwa fedha zake mwenyewe, wakati bustani ya wanyama ya taifa lenye dola imetundika kufuli.

Nisije nikaonekana ninawatetea makarani kwa sababu tu ni makarani. Ofisi zisizo na kazi zipo, Marekani zipo na hapa kwetu zimejaa tele. Ninajua vyumba ambamo faili huhamishwa kutoka meza ya mashariki kwenda meza ya magharibi ili zipate kurudi. Vinastahili kuchunguzwa na vingine vifungwe. Ninachokataa ni kwamba kufunga kwa dharura kunaweza kutuonyesha vyumba hivyo. Ukitaka kujua kama fundi wa mitaro ana faida, usimfukuze Januari kwenye kiangazi, ukahesabu siku kumi, ukatangaza kwamba barabara haikufurika.

Lakini wapo wanaoichukulia orodha ile kuwa hukumu. Oktoba 2025, serikali ikiwa bado imefungwa, ofisi ya bajeti ya Ikulu chini ya Russell Vought haikuridhika na kuwarudisha watu nyumbani kwa muda. Tarehe 10 mwezi ule barua za kuachishwa kazi moja kwa moja zilianza kutumwa kwa watumishi wapatao 4,000. Mantiki ilikuwa ile ya foleni ya kinyozi: kama tumeishi bila ninyi siku kumi, tutaishi bila ninyi milele. Mahakama ikazuia, na sheria iliyokuja kuifungua serikali Novemba ikazibatilisha barua hizo. Nadhani kilichowaponza wenye mantiki hiyo ni kwamba walichukua kipimo cha zimamoto wakakitumia kama kipimo cha mkaguzi wa hesabu.

Na mkaguzi wa hesabu mwenyewe angesema nini? Kufungwa kwa siku 16 za 2013 kulipoteza siku za kazi milioni 6.6, na serikali ikalipa takriban dola bilioni 2 za mishahara kwa watu waliokatazwa kuifanya kazi. Kwa zile siku 35, Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba dola bilioni 3 za uchumi zilipotea zisirudi tena. Hiyo ni bei ya kuwaambia watu wasio muhimu wakae nyumbani. Sijui biashara nyingine ambayo mwenye duka hulifunga ili kubana matumizi, kisha anamlipa muuzaji kwa kutouza. Picha ya kufungwa kule, kwangu mimi, ni ya 14 Januari 2019, Rais Trump alipowakaribisha Ikulu vijana wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Clemson. Wapishi wengi walikuwa wamerudishwa. Chini ya picha ya Lincoln, kati ya vinara vinavyowaka, pakapangwa marundo ya hambaga za dukani zikiwa kwenye maboksi yake. Wapishi, kwa sheria, si muhimu, na kweli vijana walishiba.

Mambo hayalazimiki kuwa hivi. Ubelgiji ilikaa siku 541 mwaka 2010 na 2011 vyama vyake vikishindwa kuunda serikali, na ofisi ziliendelea kufunguliwa asubuhi kwa bajeti ya mwezi kwa mwezi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 222, inaliruhusu Bunge kutoa hadi nusu ya makadirio ikiwa mwaka wa fedha umeanza na sheria ya matumizi haijakamilika. Ya Tanzania ina ukali wa namna yake ambao huwa unanifurahisha: Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Kule Washington wakigombana wabunge, anarudi nyumbani karani. Dodoma wakigombana, wanaweza kurudi nyumbani wabunge.

Sisi Wakenya tusijipongeze mapema, lakini. Septemba 2020 Seneti iliposhindwa mara kwa mara kukubaliana juu ya mfumo wa kugawia kaunti mapato, magavana walitangaza kusimamisha shughuli, na tangazo lao liligusa hata hospitali. Haukupita muda maseneta wakaelewana. Yaani tuliwapiku Wamarekani: wao huanza kufunga makumbusho, sisi tulitaka kuanza na wodi. Mwenye kutaka kusikika huchagua kufunga kile kitakachouma upesi, kwa hiyo masjala, maabara ya udongo na ofisi ya vipimo na mizani hazitajwi na yeyote, si na anayefunga wala na anayelia. Unyonge wa ofisi za namna hii ni kwamba hata zikifungwa hazina wa kuziimbia.

Na hapo ndipo jibu langu kwa swali la kinyozi lilipo. Serikali hushikilia ofisi ambazo yenyewe imeziita si muhimu kwa kuwa wale muhimu wanasimama juu ya mabega yao. Asubuhi ya 25 Januari 2019 ndege za kwenda LaGuardia, New York, zilizuiwa kwa muda, kwa sababu waongoza ndege walioripoti kazini hawakutosha. Walikuwa wamefikisha mwezi na zaidi bila mshahara. Siku hiyo hiyo, alasiri, kufungwa kule kukatangazwa kumalizika. Tuliozoea kusifu ushujaa wa walio mbele husahau kwamba nyuma yao kuna mtu wa kutia saini hundi. Daktari wa zamu ni muhimu, naam; naye anapokea dawa kwa hati iliyogongwa muhuri na mtu ambaye hatumjui jina, kwenye chumba chenye feni mbovu. Mtu huyo akikaa nyumbani siku tatu, daktari hatagundua. Akikaa miezi mitatu, daktari atakuwa na mikono mitupu, na kwenye orodha bado atasomeka muhimu.

Turudi Mombasa. Dada yangu alikuwa akiuza barafu na sharubati ya ubuyu. Biashara hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba mumewe alipougua, na ndiyo iliyomlea alipokaa eda. Pesa za benki zilipokataa kutoka, mwenye nyumba akavumilia mwezi mmoja, akavumilia na wa pili nusu. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili, msimu ambao kila nyumba hutuma mtoto kununua barafu kabla ya futari, na ni katika wiki ile ya kwanza ya mfungo ndipo alipouza friza. Walikuja vijana wawili na mkokoteni wakaichukua saa tisa alasiri. Alikuwa ameifuta vizuri kwa kitambaa chenye limau, na mlango akauacha wazi kidogo ili isitoe harufu njiani.

Ofisi ilifunguliwa Julai. Mzee wa langoni alikuwapo, barakoa sasa ameivaa sawasawa, akatukumbuka. Ndani, karani alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma cheti, akainuka bila kusema kitu, akarudi na daftari kubwa la jalada jeusi, akalifungua na kuteremsha kidole kwenye safu ya majina hadi akafika. Akapiga mstari mwekundu kwa rula. Akaandika jina upya kwa herufi kubwa, akatia saini pembeni, akaupulizia muhuri pumzi kuulainisha, akagonga. Akamwambia dada ampe pole mama mkwe, maana aliliona jina lake pale kama mtoa taarifa. Nilitazama saa ukutani: zilikuwa zimepita dakika saba.

Friza iko kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Dada akihitaji barafu hununua huko.